Dakta Tone Tu na Mtoto Asiyechemka

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa tisa alasiri, Mkuu wa Maabara ya Vinasaba na Magonjwa ya Kuambukiza atavua koti lake jeupe na kulitundika nyuma ya mlango. Jumatatu hatarudi kulivaa, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, dereva wake, niandike wasifu huu. Walisema mimi ndiye niliyekaa naye kwa muda mrefu zaidi akiwa hana pa kukimbilia. Ni kweli. Ukiwa ndani ya gari huwezi kuingia maabara ukafunga mlango.

Kwenye karatasi za ofisi ana jina refu lenye vyeo mbele na nyuma. Sisi tunamwita Dakta Tone Tu, na analijua, na analiitikia. Akimtoa mtu yeyote damu humwambia "tone tu", kisha anajaza mrija mzima, na wa pili, na kama umetulia vizuri anajaza wa tatu. Hakuna aliyesalimika katika jengo hili. Mlinzi wa getini yumo kwenye friza. Dada wa chai yumo. Mhasibu alipanda juu siku moja kuulizia risiti za mafuta, akashuka amekunja shati na pamba mkononi. Mimi mwenyewe nimo tangu wiki yangu ya kwanza ya kazi. Siku ya ufufuo, Mungu akitujalia, nitakuwa na shughuli ya kujikusanya kabla ya kusimama kwenye mstari.

Aliingia hapa akiwa binti mwembamba, mpimaji msaidizi, kwenye chumba kimoja chenye hadubini mbili, moja mbovu. Wenzake wote walikuwa wakimtazama mdudu: ana umbo gani, anakufa kwa dawa gani. Yeye akawa anauliza habari za mgonjwa. Watoto wawili wanalala kitanda kimoja na kunywea kikombe kimoja. Mdudu ni yule yule. Mmoja anakohoa siku mbili anarudi kucheza, mwenziwe anazikwa. Kwa nini? Mkubwa wake wa wakati ule alimwambia kuwa swali hilo ni la Mungu, si la mpimaji msaidizi. Akajibu kwa adabu zake zote kuwa na yeye anasali, na mpaka siku hiyo Mungu alikuwa hajamkataza kuuliza.

Mimi shule yangu ni ya kubahatisha, na namshukuru kwa namna alivyonielewesha. Aliniambia mvua inanyesha mtaa mzima, lakini nyumba moja inavuja. Ukishinda unailaumu mvua hutafika popote. Panda juu ukatazame bati. Sasa bati la mtu ni vile alivyoumbwa, yale anayorithi kwa mama na kwa baba, na kazi ya Dakta imekuwa kupanda juu ya mapaa ya watu kutafuta tundu dogo kuliko yote.

Alipata ufadhili wa kusoma nje, akarudi na shahada ya uzamivu na masanduku mawili. Tulipoyapokea tulidhani ni zawadi. Yalikuwa mirija mitupu. Kile chumba kimoja leo ni ghorofa nzima, na ile hadubini mbovu ipo kwenye kabati la vioo kama mtu wa heshima. Wanafunzi aliowalea sasa wana maabara zao, na wengine wana mvi kumzidi. Makala zake, naambiwa, zimepita mia. Nilijaribu kusoma moja. Nilielewa kichwa cha habari, na nikaelewa shukrani za mwisho, ambapo dereva ametajwa. Nilikata kipande hicho, na sasa kiko ukutani kwangu karibu na picha ya harusi. Mke wangu anasema kimewekwa juu kidogo ya picha. Ni msumari tu ulivyokaa.

Safari zetu zilikuwa burudani. Kasha la barafu lenye sampuli lilikuwa linakaa kiti cha mbele na kufungwa mkanda, na Dakta akikaa nyuma analisemesha. Tukipita kwenye mashimo anasema pole, nami naitikia asante, kumbe haniambii mimi. Kuna siku alimpokea mgeni rasmi akiwa na viatu viwili visivyo ndugu, kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Mgeni alipotazama chini, Dakta akamweleza kuwa nyumbani ameacha jozi nyingine ya namna hiyo hiyo.

Lakini wasifu huu hauwezi kuwa wa viatu tu. Lipo jambo lililomchukua mzima mzima, na ndilo lililofanya astaafu mwaka huu badala ya mwaka juzi kama ilivyopangwa. Nimemwomba ruhusa kulieleza, na familia yenyewe imeniruhusu, tena imenihimiza.

Imepita miaka kumi na minane tangu daktari wa wodi ya watoto alipotuletea mama mmoja, fundi cherehani, mjamzito. Alikuwa amezaa wavulana wawili, na wote wawili walifariki kabla ya kutimiza miaka miwili, mmoja kwa nimonia, wa pili kwa bakteria walioingia kwenye damu. Mara zote mbili mtoto alifikishwa hospitali hali imeshaharibika, na mara zote mbili aliulizwa alikuwa wapi muda wote huo. Ukweni kwake walishatoa jibu. Walisema yuko kwenye cherehani yake, hiyo ndiyo mwanawe wa kwanza, wengine wanafuata.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na sinki letu, mikono juu ya tumbo. Akasema, "Nilimgusa paji la uso. Nilimgusa kwa kiganja, nikamgusa kwa shavu langu. Hakuwa na joto, Dakta. Hata kidogo. Ningejuaje?"

Dakta akavuta kiti karibu naye. Siku hiyo hakusema tone tu. Alisema anaomba damu, nyingi, akaeleza ya nini. Baadaye ndani ya gari alinieleza na mimi. Mwili una walinzi na una kengele. Mdudu akiingia kengele inalia, walinzi wanakimbia, na ule mlio ndio homa. Alihisi kuwa watoto wa mama huyu walizaliwa na walinzi wazima lakini kengele haifanyi kazi. Mdudu anaingia, anakula, anashiba, na paji la uso liko baridi kama kawaida. Kama ni hivyo, mtoto wa tatu angeweza kupimwa siku ile ile ya kuzaliwa na kuanzishiwa dawa ya kinga kabla mdudu hajafika. Lakini kwanza ilibidi kasoro yenyewe ijulikane ni ipi, na tumbo lilikuwa halisubiri mtu.

Basi tukakimbia. Wodi ilikuwa imehifadhi damu ya wale wavulana wawili. Ikaongezwa ya mama, na ya baba, fundi bomba, ambaye alichelewa kwa sababu alikuwa kwenye mtaro wa watu. Ya kwake ikapimwa peke yake siku nyingine. Na kama ilivyo desturi ya maabara, kila kundi la sampuli linapimwa pamoja na damu ya mtu mzima asiyeumwa, ili kulinganisha. Mtu huyo mzima alikuwa Dakta mwenyewe. Ndiye aliyekuwa karibu siku zote na asiyedai nauli.

Majibu yakatoka. Wavulana wote wawili walikuwa na kasoro ile ile, adimu, kwenye kinasaba cha kinga. Mama naye anayo. Baba hana. Jamani, palichezwa. Mpimaji wetu mkuu, mtu mpole tunayemwita Twiga kwa shingo yake, alipanda juu ya kiti, na kiti tulikizika wiki hiyo hiyo. Dada wa chai akaleta keki iliyokuwa imeagizwa kwa siku ya kuzaliwa ya mhasibu. Tuliikata tukianzia kwenye jina lake. Mhasibu alipofika akakuta yamebaki maua ya sukari, na kabla hajanuna akasukumiwa sahani na kuvutwa acheze.

Dakta hakuweza kusubiri. Nikampeleka nyumbani kwa fundi cherehani nikipiga honi kwenye kila kona. Akawaambia familia nzima kuwa kasoro imeonekana, inatoka upande wa mama, na mtoto atapimwa. Alisisitiza kuwa kurithi si kosa la mtu. Lakini mama mkwe, bibi mwenye sauti ya kuita watu walio mbali, alishasikia alichotaka kusikia. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kisha akamgeukia dada yake waliyekaa naye mkekani, akamwambia, "Si niliwaambia?" Fundi cherehani akainamia kitambaa alichokuwa akishona. Sisi tukarudi tukiimba.

Wiki iliyofuata Twiga akawa anarudia vipimo, kwa sababu ndiyo tabia yake, anarudia hata kufunga milango. Akamwita Dakta pembeni ya mashine. Akamwambia kwa upole kuwa kuna jambo halimwingii akilini: sampuli za wale wavulana wawili zinasoma mwanamke.

Dakta akatazama. Akatazama tena. Akatoa majibu ya damu yake mwenyewe, akayaweka kando ya yale.

"Basi hao wavulana ni mimi," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika ile haraka alipima damu yake kwanza, akachovya bomba lile lile la kupimia kwenye maji ya dawa yanayochanganywa kwa wote, na tone moja la Dakta likaenea kwa kila mtu wa kundi lile. Kasoro adimu iliyotuchezesha mpaka kiti kikavunjika ilikuwa ya kwake, na haina madhara yoyote. Mwanamke huyu hata mafua ya maana hajawahi kuyapata. Damu ya baba ilionekana safi kwa sababu tu ilipimwa siku nyingine.

Tulicheka, nakiri. Twiga alicheka mpaka akaegemea friza. Mlinzi wa getini akauliza kama sasa Dakta atapewa likizo ya uzazi. Kisha tukamwona uso. Alikuwa hacheki. Alikuwa anafikiria jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikia: kuna mama kule ameinamia kitambaa kwa maneno aliyoyapeleka yeye, na mtoto anayekuja atapimwa kitu kisicho chake na kuambiwa ni mzima. Akaniambia niwashe gari.

Njiani hakusema na mimi wala na kasha. Tulipofika, bibi alikuwa uani anaanika nguo. Dakta akamwamkia shikamoo, akaketi chini mbele yake, akaeleza kosa lake lote bila kulipaka sukari. Bibi akamsikiliza na kibanio cha nguo mkononi.

"Kwa hiyo umekuja kutuambia hujui?"

"Ndiyo, mama. Juzi nilikuja najua, kumbe nimekosea. Leo nimekuja sijui. Na lile nililosema juu ya mkweo nalifuta mbele yako, na mbele ya majirani pia, ukitaka niwaite."

Bibi akasema awaite. Nadhani alitaka kuona kama ataweza. Basi profesa mzima, mwenye makala zake, akasimama kwenye uzio akaita watu. Wakaja na watoto mgongoni na mikono ya unga, wakasikilizishwa namna daktari mkubwa alivyojipima yeye mwenyewe akadhani amepata ugonjwa, na namna alivyoishi wiki nzima akiwa wavulana wawili na mama yao. Alilieleza vizuri mno. Watu walishika mbavu. Na kule mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilimwona fundi cherehani akicheka, kajishika tumbo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, na mumewe akimtazama kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake mpya.

Kazi ikaanza upya. Dakta alijipiga marufuku kushika chochote. Alisimama mlangoni mikono nyuma, kama mtoto aliyefukuzwa jikoni, akimuuliza Twiga amefikia wapi mpaka Twiga akaomba apelekewe kiti cha mbali zaidi. Kwa rehema za Mola kasoro ya kweli ikaonekana, na ilikuwa ile ile aliyoihisi, ya kengele. Haikuwa ya mama peke yake. Ili kengele inyamaze, mtoto lazima apokee nusu kwa mama na nusu kwa baba. Mwenye nusu moja haumwi maisha yake yote, wala hajui.

Tukarudi kule. Fundi bomba alilielewa kabla halijamalizika kuelezwa. Aliwaambia wenzake kuwa ni kama tangi lenye koki mbili: moja ikiziba maji bado yanatoka, zikiziba zote ndipo mnalala na kiu. Bibi, kwa mara ya kwanza, alishusha sauti yake ile. Kisha akauliza hiyo nusu ya mwanawe imetoka wapi. Dakta akasema ama kwa marehemu baba yake, ama kwake yeye. Bibi akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akautandika mbele.

"Chukua. Si nasikia ni tone tu?"

Ile nusu ilikuwa yake. Tangu hapo sijasikia cherehani ikitajwa kwa ubaya katika nyumba ile. Wiki hiyo hiyo bibi alionekana anashikilia kitambaa mkwewe akikata.

Mtoto alizaliwa wa kiume, akapimwa siku ile ile, na kasoro anayo. Nilikuwa korido Dakta alipotoka na majibu. Nilidhani mama atazimia. Alichouliza ni dawa inaanza saa ngapi. Mtoto akapewa dawa ya kila siku, na chanjo zake zikapangwa, na mama akapewa amri moja ambayo sote tuliijua kwa moyo: usisubiri joto. Akikataa kula, lete. Akicheza kidogo kuliko jana, lete. Ukiwa na wasiwasi usio na sababu, lete na wasiwasi wako.

Wakaleta. Alikuja mara nyingi mno mpaka tukampa jina la Bosi, kwa sababu akiingia wote tunasimama. Alijifunza kutembea kwenye korido yetu. Dawa aliichukia kupita kiasi. Bibi alikuwa akimfukuza na kijiko mtaa mzima, na majirani wakisimama upande wa bibi. Mara moja, akiwa na miaka mitatu, bakteria walimpitia pamoja na yote hayo. Mama alimleta akiwa baridi, kwa sababu tu alikuwa ameacha kugombana na kijiko. Madaktari wa wodi walisema angechelewa kidogo tu wangempoteza. Dakta alikaa kwenye benchi la wodi mpaka mtoto alipomtupia kijiko muuguzi. Ndipo akaenda kuoga.

Alikuwa amewaambia wazazi tangu mwanzo kuwa watoto wa aina hii wakivushwa miaka ya utoto, mwili mara nyingi hujifunza njia nyingine ya kujilinda, na hatari hupungua. Mara nyingi, alisema, si mara zote. Kwa hiyo ulipofika wakati wake wa kustaafu, mwaka juzi, aliomba aongezewe muda. Wakubwa wakamuuliza ana mradi gani ambao haujaisha. Akawaambia ana mradi mmoja, una miaka kumi na tano na unaanza kuota ndevu.

Mwaka jana, asubuhi ya siku ya kazi, mlango wa maabara ulifunguliwa kwa teke. Mama Bosi aliingia bila kuvaa koti la wageni, bila kusaini, anamvuta mwanawe kwa mkono, anacheka na kulia kwa pamoja. Kijana alikuwa na mafua makali, macho mekundu, anatetemeka.

"Mguse, Dakta," alisema. "Mguse. Anachemka."

Dakta akaweka kiganja kwenye paji la uso la yule kijana, na hakukitoa. Twiga akaleta kipimajoto, kikapanda, akakionyesha juu kama kombe la mpira. Halafu, Mungu anisamehe, tukapanga foleni. Mlinzi, dada wa chai, mhasibu, mimi. Kila mmoja akamgusa mgonjwa kichwani na kushukuru, naye amesimama anaona haya, anauliza kama kuna mtu yeyote mwenye nia ya kumpa dawa.

Homa moja haitoshi kwa Dakta, na safari hii hakukimbia. Zilipita miezi ya vipimo, akakaa na madaktari wa wodi, wakapima tena, Twiga akarudia. Mapema mwaka huu aliwaita mama, baba na bibi, akamwambia Bosi kuwa kuanzia kesho yake hana dawa ya kumeza, ila amri ya kuwahi hospitali inabaki. Bibi akauliza sasa kijiko akifanye nini. Hawakuwa wanajua asubuhi inaanzaje bila kijiko. Jioni ile, kabla sijamrudisha nyumbani, Dakta alisaini barua yake ya kustaafu akiwa amekaa kiti cha nyuma cha gari, akitumia mgongo wa kiti changu kama meza. Niliisikia kalamu begani.

Bosi sasa yuko chuo cha ufundi wa majokofu, mbali, safari ya kulala njiani. Ni mara yake ya kwanza kulala mahali ambapo mama hawezi kumfikia kwa miguu. Wiki iliyopita mama alikuja hapa na futi yake kumpima Dakta gauni la sherehe, na akiwa na pini mdomoni akatuambia habari zake. Siku za kwanza kijana alikuwa anapiga simu kila asubuhi. Kisha siku moja moja. Sasa wiki imekwisha hajapiga kabisa. Dakta akamuuliza kwa wasiwasi yeye mama amefanyaje. Mama akatoa pini mdomoni.

"Nimelala," akasema. "Nimelala mpaka jua likaingia chumbani."

Dakta, tunakushukuru kwa miaka yote hii: kwa damu yetu uliyoichukua kwa hila, kwa kiti, kwa keki, na kwa siku ile uliposimama kwenye uzio ukaita watu. Maabara tunaiacha mikononi mwa Twiga, kwa hiyo kila kitu kitafanyika mara mbili. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe wajukuu wakaidi, na akujalie asubuhi nyingi ambazo simu haitalia, nawe uendelee kulala ukijua ni kwa sababu wote wazima.